Kibodi ya MIDI bila kompyuta: jinsi ya kuifanya itoe sauti

"Kaka, nimenunua kinanda kwa jamaa aliyefunga studio. Nikikichomeka kwenye chaja taa zote zinawaka, ila sauti hakuna. Nimepigwa?"

Nimeulizwa hivi mara nyingi mno, kwa hiyo nimeamua kuandika jibu moja refu niwe nalituma tu. Hapana, hujapigwa. Ulichonunua si kinanda, ni kibodi ya MIDI, ile ambayo maprodyuza wanaiita kontrola. Ndani yake hamna sauti hata moja. Ukibonyeza, inatuma ujumbe mfupi: noti fulani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani, sasa imeachiwa. Basi. Lazima awepo mwingine wa kupokea ujumbe huo na kuugeuza kuwa piano, ogani au tarumbeta.

Studioni mpokeaji huyo ni kompyuta, ndiyo maana watu hudhani bila kompyuta haiwezekani. Inawezekana. MIDI ilipozaliwa mwaka 1983 ilikusudiwa kinanda kiongee na kinanda mwenzake. Januari ya mwaka huo, kwenye maonyesho ya NAMM kule Marekani, waliunganisha Prophet-600 ya Sequential na Jupiter-6 ya Roland kwa waya mmoja, vikaelewana. Kompyuta haikuwa katikati yao.

## Kwanza, nani mwenyeji?

Ukielewa sehemu hii, nusu ya matatizo yako yamekwisha.

Kwenye USB, upande mmoja ni mwenyeji na upande wa pili ni mgeni. Mwenyeji ndiye anayetoa umeme, ndiye anayeuliza "wewe nani?", na ndiye anayeruhusu mazungumzo yaanze. Kibodi yako ni mgeni siku zote. Chaja inampa mgeni chakula lakini haimsemeshi, ndiyo maana taa zinawaka na hakuna kinachotokea.

Sasa tazama kosa ninaloliona kila mara. Mtu ana kibodi ya USB, na ana kinanda cha Yamaha PSR chenye tundu la nyuma lililoandikwa "USB TO HOST". Anatafuta waya wenye ncha zinazoingia pande zote mbili, anaunganisha, anasubiri muujiza. Maandishi yale yana maana "nipelekeni kwa mwenyeji". Kinanda kile nacho ni mgeni! Umewasimamisha wageni wawili nje ya mlango, wanapigiana hodi, na ndani hamna wa kuitikia karibu.

Kwa hiyo una njia tatu. Utumie simu au tableti iwe mwenyeji. Au uiache USB kabisa utumie waya wa zamani wa pini tano, ambao hauna habari za mwenyeji na mgeni. Au ununue kisanduku kidogo ambacho kazi yake ni kuwa mwenyeji tu.

## Geuza kibodi, soma mgongo wake

Kabla hujatoa hela nyingine, tazama matundu.

Kuna tundu la USB peke yake. Nyingi za bei ndogo ziko hivi: Akai LPK25, MPK Mini MK3, Arturia MiniLab MkII. Kwako ni simu au kisanduku mwenyeji.

Kuna tundu la duara lenye pini tano, limeandikwa "MIDI OUT". Una bahati. Arturia KeyStep ni mfano. Njia zote tatu ziko wazi kwako.

Kuna tundu dogo la milimita 3.5 lililoandikwa "MIDI OUT". Linafanana na la hedifoni lakini silo. Ni pini tano ileile imevaa nguo fupi. Utaikuta kwenye Launchkey Mini MK3. Utahitaji adapta ya kuigeuza iwe pini tano, na adapta hizo ziko za aina mbili, A na B, zenye nyaya zilizopishana. Mwaka 2018 aina A ndiyo iliyokubaliwa kuwa ya kawaida, lakini vifaa vya kabla ya hapo vingine ni B. Ukikosea hakiungui kitu, ila hutasikia chochote, na utalaumu kibodi bure.

Kuna tundu kubwa lililoandikwa "SUSTAIN". Hilo ni la pedali ya mguu. Usichomeke hedifoni humo halafu uniambie kibodi ni mbovu. Kibodi isiyo na sauti itakuwaje na tundu la kusikilizia? Zipo chache zenye sauti zao na spika kabisa, kama MPK Mini Play inayotumia hata betri, lakini hizo zimeandikwa wazi.

Jambo jingine la kuuliza kabla ya kununua: je, inahitaji kusakinishiwa programu ya dereva, ile inayoifundisha mashine kuongea na kifaa? Ikihitaji, simu haitaielewa. Kipimo rahisi ni kutazama kama maelezo yake yanasema inafanya kazi na iPad. Kwa kawaida iPad haisakinishiwi dereva, kwa hiyo kibodi inayokubalika kule kwa kawaida itakubalika na Android pia. Usipouliza, umenunua mbuzi kwenye gunia.

## Vitu vya kuandaa kwa njia ya simu

- Simu ya Android 6.0 au mpya zaidi. Kuanzia toleo hilo la mwaka 2015, Android inaielewa MIDI yenyewe.
- Adapta ya OTG inayolingana na tundu la simu yako. Hii ndiyo inayoiambia simu "leo wewe ndiye mwenyeji".
- Waya wa USB wa kibodi wenye nyaya za data. Waya nyingi za chaja zina njia ya umeme tu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.
- Hedifoni za waya, au waya wa kwenda kwenye spika.
- Programu ya muziki yenye sauti ndani yake.
- Habu ya USB inayopokea umeme wake yenyewe, kama kibodi yako ni kubwa au ina taa nyingi. Usiinunue bado. Jaribu kwanza bila hiyo.

## Hatua kwa hatua: simu ya Android

1. Pakua programu na sauti zake mapema. Anayeanza namwelekeza Perfect Piano kwa sababu haina mambo mengi. Mwenye mafaili ya SF2, yaani mikusanyiko ya sauti za ala, atafute FluidSynth. FL Studio Mobile inalipiwa, lakini utaweza kurekodi na kupanga wimbo mzima. Kabla ya kuunganisha chochote, gusa vitufe vya kwenye skrini uhakikishe sauti inatoka. Usipofanya hivyo, baadaye hutajua kama kosa ni la kibodi au la programu.

2. Pima OTG kwa flashi. Chomeka adapta kwenye simu, kisha flashi. Mafaili yakionekana, simu yako inaweza kuwa mwenyeji. Yasipoonekana, ingia kwenye mipangilio utafute neno OTG. Simu kama Oppo, Vivo na realme zina swichi yake, na kwa kawaida inakuwa imezimwa.

3. Weka hedifoni za waya. Nasisitiza za waya. Bluetooth huichelewesha sauti, mara nyingi kwa zaidi ya milisekunde 100. Unabonyeza sasa, unasikia baadaye, vidole vinachanganyikiwa. Spika ya Bluetooth ni vilevile. Kama simu yako haina tundu la hedifoni, utahitaji habu yenye tundu hilo, maana tundu pekee la USB-C umeshalitumia.

4. Weka hali ya ndege na ufunge programu nyingine. Simu ikilia ukiwa chumbani ni usumbufu. Ikilia ukiwa umeunganishwa na spika za kanisa katikati ya sala, kusanyiko lote litajua mlio wako.

5. Chomeka pedali kabla ya umeme, kama unayo, na usiikanyage. Kibodi nyingi hutazama pedali iko vipi zinapowaka, na kuanzia hapo zinachukulia kuwa hivyo ndivyo ilivyo ikiwa haijakanyagwa.

6. Unganisha kwa mpangilio huu: adapta kwenye simu, waya kwenye adapta, mwisho kibodi. Adapta lazima ikae upande wa simu. Kwenye waya za micro-USB, kinachoifanya simu iwe mwenyeji ni pini ya nne ndani ya kichwa cha OTG iliyounganishwa na ya tano. Ukigeuza upande, simu haipati habari hiyo.

7. Kubali ruhusa. Simu ikiuliza kama programu iruhusiwe kutumia kifaa cha USB, kubali. Kwenye mipangilio ya simu unaweza kukuta menyu ya kuchagua kati ya kuchaji, kuhamisha mafaili na MIDI. Watu wengi huhangaika nayo bure. Menyu ile ni ya siku simu inapokuwa mgeni kwa kompyuta. Leo simu ni mwenyeji, achana nayo.

8. Fungua programu, nenda kwenye mipangilio yake, chagua kibodi kwa jina. Nyingine huitambua zenyewe. Kama haionekani, funga programu kabisa na uifungue upya kibodi ikiwa imeshachomekwa.

9. Bonyeza. Ukisikia sauti, cheza kidogo, umestahili. Usiposikia, ruka hadi sehemu ya matatizo.

10. Rekebisha bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho simu huandaa kabla ya kuitoa. Ukihisi sauti inachelewa hata kwa hedifoni za waya, tafuta kwenye programu neno "buffer" na upunguze namba yake. Kwa sauti ya sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya 256 ni kama milisekunde 5.3, na ya 512 ni kama 10.7. Simu yenyewe huongeza ucheleweshaji wake juu ya hapo. Kwa kipimo cha mwili: milisekunde 10 ni sawa na kukaa mita 3.4 kutoka kwenye spika, jambo ambalo mpiga kinanda wa kwaya amelizoea. Anza na 256. Sauti ikianza kukwaruza, panda.

Mwenye kibodi ya vitufe 25 akikosa besi asishtuke. Vitufe vya oktava viko kushoto. C ya kati ni noti namba 60. C ya oktava moja chini yake ni 48.

### Wenye iPhone na iPad

Kwenu kazi ni fupi zaidi. Toleo lenye USB-C, ikiwemo iPhone 15 na za baada yake, chomeka moja kwa moja kwa waya unaofaa. Lenye tundu la Lightning linahitaji adapta ya kamera, na nakushauri ile yenye tundu la pili la kuchajia. Ukipata ujumbe kwamba kifaa kinahitaji umeme mwingi mno, chaja kwenye tundu lile la pili ndiyo dawa. GarageBand ni ya bure na hutambua kibodi bila kuulizwa. Adapta za bandia za bei chee hufanya kazi wiki moja, kisha simu inazikataa. Hapo nimeshapoteza hela mara mbili, na sikujifunza ile ya kwanza.

### Kuhusu umeme

Simu inailisha kibodi, kwa hiyo betri inashuka haraka. Kwa mazoezi ya nusu saa si neno. Kwa ibada ya saa tatu, tafuta habu inayopitisha chaji kwenda kwenye simu huku ikihudumia kibodi. Simu nyingi za zamani za micro-USB haziwezi kufanya mambo hayo mawili kwa pamoja, hata ukinunua waya wenye matawi.

Pawabenki ni rafiki mzuri umeme wa mtaa unapokatika, ila ina tabia moja: nyingi hujizima zikiona kinachotumika ni kidogo sana, zikidhani umeshachomoa. Kibodi ndogo ikiwa peke yake kwenye pawabenki inaweza kuzimika katikati ya pambio. Chaji na simu kwenye pawabenki hiyohiyo, itabaki macho.

## Njia ya pini tano: kinanda cha zamani au moduli ya sauti

Hii ndiyo ninayoipenda mimi. Haina skrini, haina ruhusa, haina toleo jipya la kupakua usiku wa kuamkia Jumapili. Unahitaji kibodi yenye "MIDI OUT", waya wa MIDI wenye pini tano pande zote mbili, na kifaa chochote chenye sauti na tundu la "MIDI IN". Kinanda cha kwaya kilichokufa vitufe lakini sauti zake bado nzima kinafaa sana, kama nyuma kina pini tano. Moduli za zamani kama Roland SC-55 au JV-1080 ni masanduku ya sauti matupu, hayana vitufe kabisa. Kibodi yako ndiyo inakuwa vidole vyake. Hata Volca Keys ya Korg ina tundu hilo.

1. Zima kila kitu kwanza, na teremsha sauti ya spika.

2. Ipe kibodi umeme. Pini tano hazibebi umeme wa kuiendesha. Kwa nyingi, chaja ya kawaida ya simu ya volti 5 kwenye tundu la USB inatosha. Hapa chaja inafaa, kwa sababu hatuiombi iongee, tunaiomba ilishe tu. Kama kibodi ina tundu lake la adapta, soma volti na alama ya kati chanya au hasi iliyoandikwa pembeni. Usijaribishe adapta kwa sababu tu kichwa kimeingia. Adapta ya volti 12 kwenye kifaa cha volti 9 inaweza kukimaliza kwa sekunde moja.

3. Toka OUT ya kibodi kwenda IN ya kifaa chenye sauti. OUT kwenda OUT haifanyi kitu. Waya usizidi mita 15.

4. Unganisha kifaa chenye sauti na spika au hedifoni. Kwenye waya wa MIDI hapiti sauti, zinapita namba tu. Bado kuna watu wanachomeka ule waya na kuusubiri uimbe.

5. Linganisha chaneli. MIDI ina chaneli 16 kwenye waya mmoja, kama redio moja yenye stesheni 16. Weka pande zote mbili chaneli 1. Kama mpokeaji ana chaguo la "OMNI", anasikiliza zote. Lichague ukiwa unajaribu.

6. Washa kifaa chenye sauti, kisha kibodi, kisha pandisha spika polepole.

7. Chagua sauti. Unaweza kuichagua kwa mpokeaji mwenyewe, au kuituma namba kutoka kwenye kibodi. Kifaa kinachofuata mpangilio wa General MIDI kina sauti 128 zenye namba zilezile kila mahali: piano 1, piano ya umeme 5, ogani 17, ogani ya kanisa 20, gitaa la besi 34, nyuzi 49, kwaya 53, tarumbeta 57. Angalia mtego: kibodi nyingine huhesabu kuanzia 0, kwa hiyo ukitaka ogani ya kanisa tuma 19.

8. Ngoma ziko chaneli 10. Kama kibodi yako ina pedi za kupiga kwa vidole, zipeleke huko. Noti 36 ni kiki, 38 ni sneya, 42 ni haiheti iliyofungwa.

Vinanda vya midundo, vile vinavyokupigia ngoma na besi vyenyewe, vina jambo lake. Mara nyingi ujumbe unaoingia kwa waya huchukuliwa kama wimbo unaochezwa, si kama vidole vyako. Utasikia piano ya chaneli 1 hata kama umechagua nyuzi kwenye paneli, na kodi zako (noti unazobonyeza pamoja) hazitauongoza mdundo. Vinanda vya daraja la juu vina mpangilio wa kubadilisha hilo kwenye menyu ya MIDI. Vidogo vingi havina, na hakuna ujanja.

Kibodi nyingine zina "MIDI OUT" ambayo, ilivyotoka kiwandani, inapitisha ujumbe wa kompyuta badala ya vitufe vyake. Kila kitu kiko sawa, taa ziko sawa, na kimya. Tafuta kwenye kitabu chake jinsi ya kuelekeza vitufe kwenye tundu hilo.

## Kisanduku mwenyeji: una USB tu na hutaki simu

Kuna visanduku vyenye tundu la USB upande mmoja na pini tano upande wa pili. Kenton MIDI USB Host ni cha siku nyingi, H2MIDI Pro ya CME ni cha karibuni. Kinawaka kwa umeme wake, kinaikaribisha kibodi, kinatafsiri, kinatuma. Baada ya hapo fuata hatua za pini tano kuanzia ya 3.

Tahadhari kubwa iko dukani. Kuna waya maarufu wa bei ndogo wenye USB upande mmoja, kijisanduku katikati, na vichwa viwili vya pini tano. Muuzaji atakuambia "hii hapa, USB kwenda MIDI". Ni kweli, lakini waya huo nao ni mgeni, umetengenezwa uchomekwe kwenye kompyuta au simu. Kibodi yako haiwezi kuukaribisha. Muulize muuzaji swali moja tu: tundu la USB la kifaa hiki ni la kuchomeka *kibodi*, au la kuchomeka *kwenye kompyuta*? Akianza kuzunguka, shukuru uondoke.

Waya huohuo una kazi nyingine nzuri: ukiwa na kinanda cha zamani chenye pini tano na simu yenye OTG, kinanda kinakuwa kontrola ya simu. Usiutupe kama ulishaununua.

Mashine kubwa kama Akai MPC One na MPC Live zina tundu la mwenyeji tayari. Unachomeka kibodi, unacheza. Bei yake ndiyo habari nyingine.

## Kupeleka sauti ya simu kwenye mikseri

Siku ya kwanza niliyotumia simu mbele ya watu, piano ilisikika kama iko ndani ya ndoo. Hedifoni zilikuwa safi, spika kubwa zikatoa kitu chembamba, besi hamna, mwangwi tu. Fundi mitambo akalaumu programu, mimi nikalaumu spika. Kosa lilikuwa waya: jeki ndogo ya stereo upande wa simu, jeki kubwa moja ya stereo upande wa mikseri.

Mikseri ikiona jeki ya pete mbili kwenye tundu lake la chaneli moja, inadhani ni waya wa balansi, ule unaobeba sauti moja mara mbili, nakala moja ikiwa imegeuzwa, ili kelele za njiani zifutike. Inachukua upande wa kushoto na kuutoa wa kulia. Kila kilicho sawa pande zote mbili kinafutika, na piano nyingi karibu yote iko katikati. Unachosikia ni mabaki.

Tumia waya wenye jeki ya milimita 3.5 ya stereo upande wa simu na jeki mbili kubwa za mono upande wa pili, uingie chaneli mbili. Kama mikseri iko mbali, ukumbi mzima, weka DI boksi karibu nawe, kisanduku kinachoigeuza sauti iwe ya balansi. Simu iwe kwenye sauti ya karibu mwisho, upunguze kwenye mikseri, si kinyume chake.

Ukisikia mvumo au mlio mwembamba pale tu unapochomeka chaja, ni umeme unazunguka kati ya chaja na mikseri. Hamia kwenye pawabenki, au tumia DI yenye transfoma. Waya wa MIDI wa pini tano hauleti mvumo huo. Upande wa kupokea unatenganishwa kwa mwanga ndani ya kijidude kidogo, umeme haugusani. Wazee wa 1983 walifikiria mbali.

## Ikigoma

Taa haziwaki kabisa. Badilisha waya kabla ya jambo lolote. Kisha jaribu kwa chaja. Ikiwaka kwa chaja na si kwa simu, OTG imezimwa au simu haina nguvu ya kutosha. Sasa ndipo ile habu yenye umeme wake inapohitajika.

Taa zinawaka, programu haioni kibodi. Waya ni wa kuchajia tu, au adapta iko upande usio wake, au kibodi inahitaji dereva. Jaribu programu nyingine ya muziki kabla ya kukata tamaa.

Programu inaiona, taa ya ujumbe inapepesa ukibonyeza, sauti hakuna. MIDI inafika, tatizo liko mbele yake. Angalia sauti ya simu, chaneli, kama sauti imechaguliwa. Halafu angalia kitu ambacho kilinizungusha jioni nzima: nobu au slaida ya kibodi iliyopangiwa namba 7, ambayo ni sauti kwa ujumla, ikiwa imeshushwa hadi sifuri. Ipandishe.

Inafanya kazi dakika kadhaa, kisha inakufa. Simu zenye swichi ya OTG huizima swichi hiyo zenyewe OTG ikikaa kama dakika 10 bila kutumika, mfano wakati wa mahubiri. Irudishe, na gusa kitufe kimoja mara moja moja sauti ikiwa imeshushwa. Pia ondoa programu yako kwenye orodha ya kuokoa betri.

Noti imeng'ang'ania, haikomi. Ujumbe wa "imeachiwa" ulipotea, kwa kawaida waya ulitikisika. Bonyeza kitufe cha "panic" kama kipo, au badilisha sauti. Kama noti *zote* zinang'ang'ania, ni pedali.

Pedali inafanya kinyume. Uliikanyaga wakati wa kuwasha, au ni ya aina nyingine. Zima, iache huru, washa tena. Pedali nyingine zina swichi ndogo tumboni ya kugeuza.

Ukigonga kwa nguvu au taratibu, sauti ni ileile. Kwenye pedi tazama kitufe cha "FULL LEVEL". Kwenye vitufe, tafuta mpangilio wa mguso. Huenda umewekwa kwenye nguvu isiyobadilika, wengi wa studio huupenda hivyo.

Unabonyeza C, inatoka D. Aliyekuuzia aliacha transpozi, ile inayohamisha noti zote juu au chini, ikiwa imewekwa. Kwa kibodi nyingi, kubonyeza vitufe vyake viwili kwa pamoja huirudisha sifuri.

Noti mbili tatu hazitoi, au zinatoa kwa nguvu ya ajabu, nyingine zote ziko sawa. Hapo hakuna cha MIDI wala simu. Chini ya vitufe kuna utepe wa mpira wenye nukta nyeusi za kaboni, na vumbi limekaa kati yake na bodi. Fungua skrubu za chini, inua utepe taratibu, futa nukta na bodi kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, acha ikauke kabisa, rudisha. Skrubu za urefu tofauti zipange kwenye karatasi kama zilivyokuwa, maana ndefu ikiingia mahali pa fupi inatokea juu.